Mbio za barabarani mwishoni mwa wiki: mambo ya kujua kabla ya kujisajili

Mbio za barabarani si za wanariadha peke yao. Katika Rock City Marathon, inayofanyika Mwanza tangu mwaka 2009, na Kilimanjaro Marathon, iliyoanza Moshi mwaka 2003, wanaogombea zawadi ni wachache walio mbele. Wengi wanaowafuata hukimbia kwa afya na kwa furaha yao. Makala hii ni kwa msikilizaji wa Shinyanga, Kahama au Geita anayetaka kuwa mmoja wao na kurudi nyumbani akiwa mzima.

Uchague umbali gani?

Marathoni kamili ni kilometa 42.195. Nusu marathoni ni kilometa 21.1. Siku hiyohiyo huwa kuna mbio fupi pia, kwa mfano za kilometa 5 au 10. Kama hujawahi kushiriki, anza na kilometa 5.

Usijidanganye kwamba jembe limekwisha kukuandaa. Kulima na kutembea huimarisha moyo na misuli, lakini katika kukimbia kila hatua huuangushia mguu uzito wa mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wako. Magoti na vifundo vinahitaji muda kuzoea.

Mazoezi ya wiki 8

Kimbia siku 3 kwa wiki, na kila baada ya siku ya mazoezi pumzika angalau siku moja. Wiki ya kwanza, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 10. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia na upunguze wa kutembea, hadi uweze kukimbia nusu saa bila kusimama. Mwendo unaofaa ni ule wa mchakamchaka: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kutweta, uko sawa. Ukishindwa, punguza.

Kujua umbali, mwombe dereva wa bodaboda ambaye mita yake inafanya kazi akupimie kilometa moja, kisha weka alama kwenye mti au jiwe.

Njia ya vumbi ya kijijini ni salama kuliko barabara kuu yenye malori. Ikibidi kupita barabara kuu, kimbia upande wa kulia ili utazamane na magari yanayokuja, na uvae nguo ya rangi inayoonekana.

Raba za mtumba zinafaa, mradi zikutoshe na soli isiwe imelika upande mmoja. Usivae raba mpya kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Nani aanze zahanati?

Mwone mtoa huduma ya afya kwanza ikiwa una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, ikiwa ni mjamzito, au ikiwa hufanyi mazoezi na umri umesogea. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa, apate ushauri wa daktari, kwa sababu kuchoka sana na kuishiwa maji kunaweza kuamsha maumivu makali.

Wachimbaji wana jambo la ziada. Vumbi la mwamba huharibu mapafu na huongeza hatari ya kifua kikuu. Ukiwa na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kapime kabla ya kuanza mazoezi. Na mwenye homa asikimbie. Apime malaria, atibiwe, apone kwanza.

Kujisajili na kusafiri

Thibitisha tarehe kwa waandaaji wenyewe, kwani hubadilika mwaka hadi mwaka. Lipia kwa namba waliyoitangaza wao, si kwa mtu aliyekutumia ujumbe tu, na utunze ujumbe wa malipo. Utapewa namba ya kubandika kifuani. Nyuma yake andika jina lako, simu ya ndugu na ugonjwa ulio nao. Usimpe mtu mwingine namba hiyo: akianguka, atatambuliwa kwa jina lako.

Mbio huanza alfajiri au asubuhi mapema, hivyo fika mjini siku moja kabla. Anayetoka Geita kwenda Mwanza hasubiri tena kivuko. Tangu Juni 2025 magari hupita Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3.

Siku yenyewe

Kula chakula ulichozoea, saa 2 au 3 kabla: uji, chai na mkate, au michembe. Anza polepole kuliko unavyotamani. Wanaochomoka kwa kasi mwanzoni ndio wengi wanaotembea mwishoni.

Kunywa maji unapohisi kiu. Kuishiwa maji ni hatari, lakini kuyanywa kupita kiasi ni hatari pia, kwa sababu chumvi ya damu hushuka. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 nchini Marekani, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wamepungukiwa chumvi hiyo.

Usimeze daiklofenaki au ibuprofeni ili uweze kukimbia. Dawa hizo, pamoja na joto na upungufu wa maji, zinaweza kuumiza figo.

Simama na uite msaada ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu. Ukimwona mwenzako anayumba au anaongea ovyo, huenda joto limempanda mwilini. Mpeleke kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji, na uwaite wa huduma ya kwanza mara moja.

Kumaliza wa mwisho si aibu

John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na bado anaheshimiwa duniani. Uige kutoona aibu kwake, si kukimbia na jeraha. Yeye alibeba jina la nchi. Wewe Jumatatu unasubiriwa shambani, sokoni au mgodini. Ukiumia njiani, kuacha ni uamuzi sahihi. Mbio nyingine zitakuja.