Nusu Sekunde

Mwaka 2009 nilirudi Unguja kwa likizo ndefu nikiwa na laptopu ya mtumba, flashi mbili na kiburi cha mwanafunzi wa kompyuta aliyemaliza mwaka wa pili. Laptopu ilikuwa imekufa betri; mtu akipita karibu na waya wa chaja, inazima. Flashi moja ilikuwa na ripoti yangu ya fildi, nyingine ilikuwa na virusi. Baada ya wiki moja zote mbili zilikuwa na virusi.

Kiburi kilinitia kwenye ahadi. Nilimwambia Babu kwamba kabla chuo hakijafunguliwa atamwona Mama Mkubwa, uso kwa uso, kwenye kioo cha kompyuta. Mama Mkubwa alikuwa London tangu 1998 na hakuwahi kurudi, hata kwa maziko ya Bibi mwaka 2004. Ilikuwa habari ya karatasi za ukaazi: ukitoka, huingii tena. Babu aliielewa habari hiyo vizuri tu. Kilichomkaa kooni kilikuwa kingine, na mimi sikukijua mpaka likizo ilipokaribia kuisha.

Ahadi yangu ilisimama juu ya mkongo. Miezi ile kila redio ilikuwa ikisema mkongo unakuja. Magazeti mengine yaliandika mkonga, kama wa tembo, na mengine mkongo, na shangazi yangu aliposikia kwamba Mkongo anatua Dar es Salaam aliuliza anapiga bendi gani. Ngeli ilimwokoa: alipomsikia mtangazaji akisema "umefika" badala ya "amefika", akajua si mwanamuziki.

Wenye umri mdogo kuliko mimi huenda hawajui tulitoka wapi. Kabla ya mwaka ule, pwani yote ya bara kuanzia Djibouti mpaka Mtunzini, Afrika Kusini, haikuwa na hata mkongo mmoja wa faiba uliotoka nje. Barua pepe na simu za ng'ambo zilipanda angani kwa setilaiti, na megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Kisha ikaja ghafla mikongo miwili. Juni 2009 ule wa TEAMS, kutoka Fujairah kwenye Ghuba, ulifika Mombasa. SEACOM, wenye urefu wa kilomita zipatazo 17,000, ulitakiwa kuwaka mwezi huo huo, ukacheleweshwa na maharamia wa Somalia, ukawashwa Alhamisi ya tarehe 23 Julai. Rais Kikwete alikuwepo kwenye uzinduzi Dar. Sisi tulitazama kwenye televisheni ya jirani, barazani, kama mpira.

Ijumaa baada ya sala nikaenda kafe ya intaneti ya mtaani kwetu. Ukurasa ulifunguka kwa mwendo ule ule: kwanza bluu, kisha mstari, kisha nusu ya picha. Nikamuuliza mwenye kafe, "Na mkongo?"

"Umefika Dar," akasema, akinyoosha kidole kwenye dishi lake la paani. "Hapa haujapanda boti bado."

Basi ile ndiyo ikawa likizo yangu. Asubuhi fildi kwenye ofisi moja mjini, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kuondoa virusi kwenye kompyuta nilizoziambukiza mwenyewe jana yake. Mwaka ule ulikuwa wa Conficker, mnyoo ulioonekana kwanza Novemba 2008. Ulipanda kwenye flashi, ukashuka kwenye mashine, na ukishaingia unaizuia mashine kufungua tovuti za kampuni za kinga. Dawa ilikuwa kwenye intaneti na ugonjwa ulifunga mlango wa intaneti. Jioni nilishika foleni kafe kupakua dawa kwa ajili ya mashine nyingine. Ikifika asilimia tisini, umeme unakatika. Hatukulalamika sana juu ya umeme. Mwaka uliotangulia kisiwa kizima kilikaa gizani karibu mwezi, tangu Mei 2008, kwa hiyo saa mbili tuliziona ni adabu.

Babu alikuwa haniulizi. Alikaa barazani na kahawa yake, na nikirudi mikono mitupu anasema tu, "Simu haijapita leo?"

Alisema simu kwa maana ya zamani. Neno lenyewe ni la Kiajemi, *sim*, waya, na kabla ya mtu kuweka kipande sikioni, simu ilikuwa ile ya maandishi, telegramu. Babu aliijua kwa sababu tangu miaka ya 1950 alikuwa tarishi wa ofisi ya mkongo pale Shangani, kwenye jengo ambalo wazee bado wanaliita Extelecoms na ambalo siku hizi ni hoteli. Kaki, baiskeli, mfuko wa ngozi. Watu wakimwona anakata kona walikuwa wanakaa chini kwanza, kwa kuwa simu nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za msiba. Kila neno lililipiwa, na mtu alikuwa anamzika baba yake kwa maneno matano.

Nilidhani nitamfundisha historia ya mkongo. Yeye akanifundisha mimi kwamba SEACOM si wa kwanza. Zanzibar ilikuwa na mkongo miaka 130 kabla yake. Nilibisha, nikaenda kusoma, nikakuta kweli. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwapiga Waingereza pale Isandlwana, zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza wakafa, na habari ikachukua siku zipatazo 20 kufika London. Serikali ikaona aibu na hofu. Kabla ya mwaka kwisha, waya wa shaba uliofunikwa kwa utomvu wa mti ulikuwa umelazwa baharini kutoka Durban, ukapita Delagoa, Msumbiji na Zanzibar mpaka Aden, ambako ulikutana na njia ya kwenda Ulaya. Uliletwa na vita, ukapita kwetu kwa kuwa tulikuwa njiani.

Kila mtoto wa Unguja anajua vita vya 1896, vile vya chini ya saa moja. Tunavisimulia kama kichekesho. Ila sikuwahi kufundishwa kwamba havingewezekana hivyo bila waya ule. Sultani Hamad alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Basil Cave, mwanadiplomasia wao, aliomba ruhusa ya kupiga kwa telegramu, na jibu la London likamkuta na manowari zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri. Saa tatu asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikaanza. Upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Miaka ishirini nyuma, jibu lile lingekuwa bado kwenye meli, na katika wiki hizo watu wangekuwa wamezungumza, au angalau wangekuwa wamekimbia.

Nilipomsomea Babu, akasema, "Ehe. Nilikuwa nafagia chumba kile." Nadhani alitaka kucheka.

Siku za mwisho za Ramadhani, tukingoja magharibi, ndipo akaniambia. Bibi alipofariki yeye ndiye aliyempigia Mama Mkubwa, kwa simu ya mezani. Akamwambia, "Mwanangu, mama yako hatunaye." Kukawa kimya. Kisha akasikia sauti: "Haya, Baba."

"Alinyamaza kwanza," Babu akasema. "Mtu akiambiwa mama yake kafa, hanyamazi akafikiri."

Miaka mitano alikuwa ameukalia ukimya ule. Nami nilikuwa na jibu lake kwenye daftari la somo la mawasiliano, nililofanyia mtihani na kusahau. Setilaiti ya mawasiliano inakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti yako inapanda hizo, inashuka hizo, na jibu linafanya safari ile ile kurudi. Hata kwa mwendo wa mwanga, hiyo ni nusu sekunde ambayo hakuna binadamu anayenyamaza. Ni njia tu. Nikamchorea kwa kijiti mchangani. Akatazama mchoro, akasema, "Vitabu vyenu vina maneno," akaingia ndani kutawadha.

Oktoba nilivuka naye kwenda Dar. Alikuwa na miadi ya macho, mtoto wa jicho, na mimi nilikuwa narudi chuoni na ripoti ya fildi niliyoiandika upya kwa kumbukumbu. Karibu na Posta tukapita kafe yenye kibao kipya kinachojisifu kwa mkongo. Nikamkalisha, nikamvalisha spika za masikioni juu ya kofia, nikafungua Skype. Uso wa Mama Mkubwa ukaja mzima, ukicheza, na nyuma yake dirisha na mvua.

"Unamwona, Babu?"

"Naona weupe." Ahadi yangu yote, na sikuwa nimefikiria macho yake.

Lakini Mama Mkubwa alisema, "Shikamoo Baba," naye akajibu marahaba, na kabla hajamaliza yeye akacheka, na kabla hajamaliza kucheka Babu akamkatiza kumuuliza habari za watoto. Walikuwa wakikanyagana maneno kama watu walio jikoni. Babu akageuka kunitazama, akiwa ameshika spika kwa mikono miwili. "Yuko wapi huyu? Yuko Dar?"

Nikasogea mbali kidogo. Nilisikia upande mmoja tu: akisema "Najua," akisema "La, la, usiseme hivyo," upesi upesi, juu ya maneno ya mwenzake. Kisha, "Ilikuwa ni simu, mwanangu. Ni mambo ya simu tu. Huyu kijana kanichorea."

Baadaye nikaenda kulipa. Babu akanifuata, akifuta uso kwa ncha ya kanzu, akauliza tumetozwa vipi. Nikamwambia kwa dakika.

"Maneno hawakuhesabu?"

"Hawahesabu, Babu."

Akarudi kwenye kiti, akakaa, akajivalisha spika mwenyewe, upande wa kushoto kulia.

"Mpigie tena."