Mafuriko, Mifereji na Dola: Kuutazama Upya Ustaarabu wa Kale wa Bonde la Nile

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu chimbuko la ustaarabu wa kale ni mepesi kukumbukwa. Watu walikusanyika kandokando ya mto, kilimo kikahitaji mifereji, mifereji ikahitaji msimamizi, na msimamizi akawa mfalme. Hoja hii ilipewa umbo lake kamili na Karl Wittfogel mwaka 1957, aliyeziona dola kuu za kale kuwa zao la haja ya kuyatawala maji. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa upande wa Nile, hoja hiyo inageuza matokeo kuwa chanzo. Suala hili si la wanahistoria peke yao, kwa kuwa neno “historia” limeingizwa katika mikataba inayozihusu nchi zetu hadi leo.

Tuanze na mto wenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya mafuriko ya Nile ilitokana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Huko Misri mto ulianza kupanda kati ya Juni na Julai, ukafikia kilele mnamo Septemba, kisha ukashuka na kuacha tope lenye rutuba wakati uleule wa kupanda ngano na shayiri. Hali ilikuwa tofauti Mesopotamia, ambako Tigris na Euphrates zilifurika majira ya kuchipua, mazao yakiwa yamekaribia kuvunwa. Mkulima wa Misri, kwa hiyo, alihitaji matuta ya kuzuia maji yakae shambani kwa wiki kadhaa, kisha njia ya kuyatoa. Kazi hiyo iliwezekana kufanywa na wanakijiji na majirani zao. Karl Butzer alionyesha mwaka 1976 kwamba umwagiliaji wa Misri ya kale ulisimamiwa zaidi katika ngazi ya mahali, wala hapakuwa na urasimu mkuu wa maji uliouzaa ufalme. Hata shadufu, chombo cha kuinulia maji, kilienea tu katika zama za Ufalme Mpya, zaidi ya miaka 1,500 baada ya nchi kuunganishwa mnamo 3100 KK.

Yupo atakayetaja rungu la sherehe la mfalme aitwaye Nge, lililopatikana Hierakonpolis, linalomwonyesha mtawala akishika jembe kando ya maji. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini unaonyesha mfalme akijihusisha na kazi iliyokwishakuwapo. Tunalolijua kwa uhakika zaidi ni kwamba watawala walipima. Jiwe la Palermo linaorodhesha kimo cha mafuriko mwaka hadi mwaka tangu nasaba ya kwanza. Aliyejua kimo cha maji aliweza kukadiria mavuno, na pamoja nayo kodi ya nafaka. Ukiongeza kukauka kwa Sahara, kulikowasukuma wafugaji na wakulima kwenye ukanda mwembamba wa bonde, chimbuko la dola linaonekana zaidi katika ghala na njia ya biashara kuliko katika mfereji.

Kerma, karibu na poromoko la tatu katika Sudani ya leo, inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Kati ya takribani 2500 na 1500 KK palikuwa na mji mkuu wa ufalme wenye nguvu za kutosha kuitisha Misri. Utajiri wake ulihesabiwa kwa mifugo: kaburi moja lilizungukwa na mafuvu ya ng’ombe zaidi ya 4,000. George Reisner, aliyechimba hapo kuanzia 1913, aliona majengo makubwa akahitimisha kwamba palikuwa makao ya gavana wa Kimisri. Ilichukua miongo kadhaa ya kazi ya Charles Bonnet kuthibitisha kwamba mji ule ulikuwa wa wenyeji. Ni vigumu kutojiuliza ni majengo mangapi mengine yaliyopewa mwenyewe asiyestahiki.

Mtazamo huohuo wa mto wenye mwenyewe mmoja unasikika katika barua za 1929 baina ya Uingereza na Misri, zilizotambua haki za Misri za “asili na za kihistoria”, huku Kenya, Uganda na Tanganyika zikisemewa na mtawala wao. Mkataba wa 1959 uliigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudani bilioni 18.5, bila kuitengea Ethiopia hata tone. Tanganyika huru ilikataa kufungwa na makubaliano ya 1929. Mkataba wa Ushirikiano uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudani zikiwa nje yake. Kikwazo kilikuwa kifungu kimoja kuhusu usalama wa maji, ambacho nchi hizo mbili zilitaka kitaje “matumizi na haki za sasa”. Washauri wetu wanaporudi kwenye meza hiyo, waibebe na Kerma.