Doria Shafik: Aliyewafungulia Wenzake Bunge, Mwenyewe Akafungiwa Nyumbani

Mwaka 1957 Misri ilifanya uchaguzi wake wa kwanza ambao wanawake waliruhusiwa kupiga kura na kugombea. Wawili walishinda, Rawya Ateya na Amina Shukri, na Misri ikawa na wabunge wanawake kabla ya nchi nyingine yoyote ya Kiarabu. Wakati huohuo, mwanamke aliyeihangaikia kura hiyo kuliko yeyote wa rika lake alikuwa chini ya kifungo cha nyumbani jijini Cairo, na magazeti yalikuwa yamekatazwa kumtaja.

Mwanamke huyo ni Doria Shafik. Alizaliwa Desemba 1908 huko Tanta, mji ulio kwenye delta ya Mto Nile, akampoteza mama yake angali msichana mdogo. Alisoma katika shule za misheni za Kifaransa na akafaulu vizuri mno, lakini kwenda chuo kikuu ng'ambo kulihitaji fedha ambazo baba yake hakuwa nazo. Basi akachukua kalamu akamwandikia Huda Shaarawi, bibi mkubwa wa harakati za wanawake, aliyeasisi Umoja wa Wanawake wa Misri mwaka 1923. Huda alimwita, akamsikiliza, na ufadhili wa Wizara ya Elimu ukapatikana. Mwaka 1928, akiwa na miaka 19, Doria akapanda meli kwenda Ufaransa kusoma Sorbonne.

Alirudi nyumbani na shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1940. Moja ya tasnifu zake ilihusu mwanamke na Uislamu, na hoja yake hakuiacha hadi mwisho: dini ilimpa mwanamke haki zake, na waliomnyang'anya ni watu na mila zao. Chuo Kikuu cha Cairo hakikumpa kazi ya kufundisha. Elimu yake haikuwa na kasoro. Uongozi wa kitivo uliona kwamba mwanamke mrembo na wa kisasa kama yeye hafai kusimama mbele ya wanafunzi wa kiume.

Mlango huo ulipofungwa, akaingia kwenye uandishi. Alianza na jarida la Kifaransa lililodhaminiwa na binti mfalme Chivekiar, lililosomwa na mabibi wa majumba makubwa. Doria alitaka kuzungumza na wengine: mwalimu, karani, mama wa nyumbani anayesoma Kiarabu. Mwishoni mwa 1945 likatoka toleo la kwanza la Bint al-Nil, yaani Binti wa Nile, nalo likanunuliwa likaisha. Miaka mitatu baadaye akaunda chama chenye jina hilohilo. Chama kilifungua madarasa ya kuwafundisha wanawake kusoma na kuandika, ofisi ya kuwatafutia kazi, na mgahawa wa chakula cha bei nafuu kwa wanawake wanaofanya kazi. Nayataja haya kwa sababu wapinzani wake walipenda kumwita bibi wa Kifaransa asiyejua shida za Wamisri. Mtu asiyejua shida hizo hafungui mgahawa wa namna hiyo.

Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 19 Februari 1951. Wanawake wapatao 1,500 walikusanyika katika ukumbi wa Ewart wa Chuo Kikuu cha Marekani, kwa kilichotangazwa kuwa mkutano wa kawaida wa wanawake. Bunge halikuwa mbali. Doria akasimama, akawaambia kuwa safari yao ni huko, nao wakatoka nje kwa maandamano. Walipofika langoni walizuiwa, wakasukuma, wakaingia. Kikao cha wabunge kilivurugika kwa karibu saa nne. Doria hakukubali kuondoka mpaka alipozungumza kwa simu na rais wa Baraza la Seneti na kupewa ahadi kwamba madai yao yatashughulikiwa.

Ahadi haikutimizwa. Kilichofuata ni hati ya kumwita mahakamani. Alitetewa na wakili Mufida Abdel Rahman, na mwishowe kesi ikaahirishwa bila kupangiwa tarehe. Juni 1952 kamati ya fatwa ya Al-Azhar ikatoa tamko la kupinga wanawake kushiriki siasa. Mwezi uliofuata maofisa wa jeshi wakampindua Mfalme Farouk. Wanawake wengi walidhani sasa mambo yatabadilika, na Doria alikuwa mmoja wao.

Machi 1954 serikali mpya iliteua kamati ya kuandika katiba bila mwanamke hata mmoja. Doria akaenda kwenye jengo la Chama cha Waandishi wa Habari akaanza mgomo wa kula. Wenzake wakaungana naye hapo, na wengine wakagoma Alexandria. Taha Hussein, gwiji wa fasihi ya Kiarabu, mtu aliyepigania elimu ya kila Mmisri, aliandika gazetini akiwaona kama watu wanaocheza na jambo zito. Naheshimu kazi za Taha Hussein, lakini hapo alikosea vibaya. Wanawake wale hawakula kwa zaidi ya wiki nzima, mpaka gavana wa Cairo alipowapelekea ahadi ya maandishi kwa niaba ya Rais Muhammad Naguib.

Katiba ya 1956 iliwapa wanawake kura. Hata hivyo mwanamke alitakiwa awe anajua kusoma na kuandika, na aombe mwenyewe kuandikishwa, masharti ambayo hayakumhusu mwanamume. Katika nchi ambayo wanawake wengi hawakuwa wamepelekwa shule, hilo liliwaacha nje wengi mno.

Doria angeweza kutulia hapo, akapewa heshima zake. Lakini Februari 1957 aliingia katika ubalozi wa India, nchi isiyofungamana na upande wowote, akatangaza mgomo mwingine wa kula. Alitaka mambo mawili: majeshi ya Israeli yaondoke katika ardhi ya Misri, na utawala wa kidikteta wa Rais Gamal Abdel Nasser ukome ili Wamisri wote wapate uhuru wao.

Hapo ndipo alipoachwa peke yake. Wanachama wa Bint al-Nil, aliowakusanya mwenyewe, walimlaani hadharani kuwa msaliti na kumtaka ajiuzulu. Serikali ikamweka katika kifungo cha nyumbani, jarida likafungwa. Nasser alikuwa shujaa wa wanyonge. Hata huku Afrika Mashariki wazee wetu walisogelea redio kusikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo, yaliyoanza mwaka 1954, yakiwatia moyo wadai uhuru. Katika hali hiyo nani angemsikiliza mwanamke mmoja anayeuliza kuhusu uhuru wa Wamisri wenyewe? Mimi naona swali lake lilikuwa la haki, na kwamba kwake halikutengana kamwe na lile la kura. Alidai mwanamke awe raia kamili. Raia kamili lazima pia aweze kumpinga rais.

Aliishi karibu miaka 18 akiwa ametengwa na watu, akiandika mashairi na kumbukumbu za maisha yake kwa Kifaransa. Ndoa yake na mwanasheria Nour al-Din Ragai, waliyofunga Paris mwaka 1937 na kuzaa mabinti wawili, ilivunjika mwaka 1968. Tarehe 20 Septemba 1975 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake, Zamalek, akafariki. Karatasi zake zilibaki kwa mabinti zake, nao wakamkabidhi Cynthia Nelson, profesa wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo, aliyezitumia kuandika maisha ya Doria katika kitabu kilichotoka mwaka 1996.