Miaka tisa kwa pigo moja: Shabiki wa Pirates na makinda wa ligi ndogo

USIKU wa Aprili 26, 2017, katika uwanja wa PNC Park mjini Pittsburgh, Marekani, mchezaji mmoja wa Afrika Kusini aliingizwa katika awamu ya nne ya mechi dhidi ya Chicago Cubs. Zamu yake ya kupiga ilipowadia, alikabiliana na mrushaji mkongwe Jon Lester. Aliupiga mpira ukapenya katikati ya walinzi, naye akatimua mbio hadi kituo cha kwanza.

Kwa mtazamaji wa siku moja, hilo lilikuwa pigo la kawaida. Hata hivyo, wafuasi sugu wa Pittsburgh Pirates walilipokea tofauti. Gift Ngoepe alikuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani Afrika kufika ligi kuu ya besiboli, nao walikuwa wakilijua jina lake tangu 2008, klabu ilipomsajili akiwa kijana wa miaka 18. Walijua kwamba alikulia katika chumba kimoja cha jengo la klabu ya Randburg, karibu na Johannesburg, ambako mamake alikuwa mfanyakazi. Walijua pia kwamba mama huyo alifariki mwaka wa 2013, hivyo hakuwahi kuuona usiku ule.

Je, shabiki huyajuaje mambo ya mchezaji ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa timu yake? Jibu limo katika mfumo ambao msomaji aliyezoea soka huenda akauona wa ajabu. Sisi huzijua timu za akiba za klabu kubwa kwa majina tu. Ni wachache mno wanaoweza kutaja matokeo yazo. Katika besiboli ya Marekani, kila mojawapo ya klabu 30 za ligi kuu huwa na ngazi ya timu za ligi ndogo zilizotawanyika katika miji midogo, kila moja ikiwa na uwanja wake, jina lake na mashabiki wake. Tangu ligi hizo zilipopangwa upya mwaka wa 2021, timu hizo zimekuwa 120. Kinda wa Pirates aghalabu huanzia Bradenton kule Florida, akapanda hadi Greensboro katika jimbo la North Carolina, kisha Altoona, na hatimaye Indianapolis, kidato cha mwisho kabla ya Pittsburgh. Mshahara wake hulipwa na klabu kuu. Timu ya mji huuza tiketi na kuutunza uwanja.

Mwasisi wa mpango huu alikuwa Branch Rickey, aliyeujenga akiwa St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Ni Rickey huyo huyo aliyemsajili Jackie Robinson mwaka wa 1945 na kuuvunja ubaguzi wa rangi katika mchezo huo. Baadaye alihamia Pittsburgh, na mnamo Novemba 1954 klabu yake ilimnyakua kijana wa Puerto Rico aliyekuwa katika timu ndogo ya Dodgers mjini Montreal, kwa Dola 4,000 pekee. Kanuni iliruhusu, kwa kuwa Dodgers hawakuwa wamempandisha kikosi cha kwanza. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente. Aliichezea Pirates misimu 18, akashinda nayo ubingwa wa 1960 na 1971, na kufariki katika ajali ya ndege Desemba 31, 1972 akipeleka misaada kwa waathiriwa wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Basi shabiki wa Pittsburgh anapokwambia kwamba hazina huweza kufichika katika orodha ya timu ndogo ya mbali, hazungumzi ndoto.

Shabiki wa aina hii huamka na takwimu. Kabla ya kutazama matokeo ya ligi kuu, hutaka kujua aliyepiga na aliyekosa kule Altoona. Amejifunza lugha ya maskauti, ambao humpa mchezaji alama kuanzia 20 hadi 80 kwa kila stadi: kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na urushaji. Hamsini ni wastani wa ligi kuu, na themanini hutolewa kwa nadra sana. Ana orodha yake ya chipukizi bora, na yuko tayari kukesha akiitetea.

Mapenzi haya yana sababu ya kiuchumi. Ligi kuu ya besiboli, tofauti na ya mpira wa vikapu, haina kikomo cha mishahara, na klabu za miji mikubwa humudu kununua nyota waliokomaa. Pirates hawana ubavu huo, au pengine, kama mashabiki wengi wanavyolalamika, hawana nia. Mchezaji aliyelelewa nyumbani hubaki chini ya klabu kwa misimu sita ya ligi kuu kabla ya kuwa huru kujiuza. Hiyo sita ndiyo hesabu ya shabiki. Kinda anapopanda, furaha na saa huanza pamoja.

Hesabu hiyo imewaumiza. Baada ya misimu 20 mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, kutoka 1993 hadi 2012, Pirates walifufuka 2013 kwa mikono ya waliowalea wenyewe: Andrew McCutchen, aliyeteuliwa 2005 na kutawazwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka huo wa 2013, na mrushaji Gerrit Cole, chaguo la kwanza la 2011. Januari 2018 wote wawili waliuzwa kwa klabu nyingine. Julai mwaka huo, Pirates walimchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay na kuwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz, vijana watatu ambao mashabiki walikuwa wamewafuata ngazi kwa ngazi. Archer hakung'aa. Hadi leo ukiitaja biashara hiyo mjini Pittsburgh, utaharibu mlo wa mtu. Hadi msimu wa 2025, klabu hiyo haikuwa imerejea katika mechi za mchujo tangu 2015, wala kutwaa ubingwa tangu 1979.

Makinda wenyewe walilipia ndoto hii kwa gharama kubwa zaidi. Kwa miaka mingi walilipwa kidogo mno, wakisafiri usiku kwa mabasi na kulala wengi katika nyumba moja. Ni mkataba wa kwanza wa chama chao, wa 2023, ulioinua kima cha chini katika kidato cha juu kutoka Dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Mwaka huo kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa Dola 720,000. Wengi hawafiki huko kamwe. Mwaka ule ule aliosajiliwa Ngoepe, Pirates waliwasajili pia Rinku Singh na Dinesh Patel, vijana wawili wa India waliogunduliwa katika shindano la televisheni. Hakuna aliyecheza ligi kuu. Ngoepe mwenyewe alicheza mechi 41 tu, 28 kati yazo akiwa na Pirates, kabla ya mlango kufungwa.

Mara chache ngazi hupandwa kwa kasi. Paul Skenes, chaguo la kwanza la 2023, alitia saini kwa Dola milioni 9.2, akafika Pittsburgh Mei 2024 na kushinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake 2025. Msimu huo wa 2025, Konnor Griffin alianzia Bradenton na kumalizia Altoona akiwa na umri wa miaka 19, na mashabiki wakaanza kumhesabia miaka sita hata kabla hajapandishwa.

Wapo pia wanaomfuatilia David Matoma, mrushaji kutoka Uganda ambaye Pirates walimsajili 2023 na ambaye mpira wake hufikia kasi ya takriban kilomita 160 kwa saa. Kufikia mwisho wa msimu wa 2025, alikuwa bado katika ligi ndogo.