Kaskazi, Karafuu na Hesabu za Babu

Jamaa zangu wa ukoo,

Juzi mpwa wangu hapa Maskati alinijia na shauri la kukopa ajenge nyumba za kupangisha. "Mjomba," akasema, "kodi za mtaa huu zimepanda tangu nikiwa mtoto." Nikamkumbuka babu yangu, aliyekuwa na shamba la mikarafuu Pemba, naye akiipima kesho kwa jana.

Babu alikulia penye sababu ya kuamini mazoea. Karibu na Disemba kaskazi huvuma na kuleta majahazi kutoka Arabuni. Ifikapo Aprili kusi huanza kuyarejesha. Mabaharia waliutegemea mzunguko huo karne kwa karne, na haukuwahadaa, kwa kuwa chanzo chake kingalipo: bara la Asia hupoa na kupata moto upesi kuliko bahari, na upepo hufuata.

Karafuu haikuwa na ahadi hiyo. Sayyid Said bin Sultan alipohimiza kilimo chake, faida za mwanzo ziliwavuta wengi, na wingi wa mavuno ukashusha bei. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na bei ikapanda tena. Baadaye Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Babu aliziona bei nzuri, akaongeza miche ambayo ingechukua miaka kuzaa.

Hakuivuna. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimtenga na shamba lake, na hakuna daftari la mauzo lililoyatabiri. Hata angalibaki, angalishuhudia Waindonesia wakipanda mikarafuu yao wenyewe hadi wakajitosheleza. Bei aliyoitegemea ilisimama juu ya mnunuzi, na mnunuzi si upepo.

Sikumkataza mpwa wangu. Nilimwuliza tu: ni nini kilichopandisha kodi hizo, na je, kitakuwapo miaka yote ya kulipa deni? Alinyamaza, kisha akaniomba muda akaulize. Kwangu hilo lilitosha.

Nanyi mliorithi daftari za wazee wetu, msizitupe. Mnapozinakili kwa ajili ya wajukuu, andikeni pembeni ya kila bei sababu iliyoileta, kadiri mnavyoijua.