Utunzaji wa betri katika gari lenye malazi
Gari la safari lenye malazi huwa na betri za kazi mbili: ya kuwashia injini, na ya kuendeshea taa, jokofu na pampu ya maji. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzishwa saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.7; ikishuka hadi 12.1 imebakiwa na nusu, nayo yapasa kuchajiwa. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, salfati hugandamana juu ya mabamba ya risasi na kuiharibu.

Isiposhika chaji, vikaguliwe kwanza vichwa na nyaya, kisha kimo cha maji. Huongezwa maji yaliyokenekwa, si asidi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Moto na cheche viwekwe mbali.