Aliyezama na Aibuke: Utetezi wa Neno "Uibuzi"

Tangazo la kazi linapomtafuta "mtafiti wa baada ya shahada ya uzamivu", msomaji anaelezwa mtu huyo ametoka wapi, haelezwi anakuja kufanya nini. Mkulima wa Kibosho hauiti mbuni wake "mche wa baada ya kitalu". Ukishapandwa kihambani, ni mbuni. Kamati za istilahi, hata hivyo, zimeridhika na msururu huo kana kwamba Kiswahili kimeishiwa.

Wapo waliofupisha wakapata "mtafiti wa baada ya udaktari". Moshi hilo halifai kabisa. Katika mji ulioishi na hospitali ya KCMC tangu 1971, daktari ni yule wa wodini, na "baada ya udaktari" ni kustaafu. Tena ni Moshi hiyohiyo inayolihitaji neno. Mpango wa THRiVE, ulioanza 2009 chini ya uongozi wa Makerere, ulikishirikisha chuo cha tiba cha KCMC na kufadhili watafiti wa uzamivu na wa hatua inayofuata. Kwenye barabara ya Arusha, pale Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia hufundisha uzamili na uzamivu. Hatua inayofuata bado haina jina.

Jina lipo: uibuzi.

"Uzamivu" umetoka kwenye zamia, na kiambishi -vu hutaja hali: tulia hutoa mtulivu, vumilia hutoa mvumilivu. Mzamivu, basi, ni mtu aliyefika kina. Vitenzi vya -ua hufuata njia nyingine. Vinapomzaa mtendaji, ile l ya Kibantu cha kale iliyodondoka hurejea kwa sura ya z: vumbua, mvumbuzi, chambua, mchambuzi, kagua, mkaguzi. Kwa kanuni hiyohiyo, ibua hutoa mwibuzi. Wa kwanza anatajwa kwa hali yake, wa pili kwa kazi yake. Na hiyo ndiyo tofauti kati ya anayetafiti chini ya msimamizi na anayeleta juu maswali yake mwenyewe.

Mpinzani mmoja amedai kwamba neno limeshachukuliwa, kwa kuwa vijiji huibua miradi ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Huo ni uibuaji, si uibuzi. Na kama mwanakijiji ameshazoea kuibua, istilahi imepata mlango ulio wazi.

Mwandishi wa makala haya aliliwasilisha neno hili mbele ya jopo moja. Lilikataliwa kwa sentensi moja, kwamba halijazoeleka. Je, "uzamivu" ulizoeleka kabla haujatumiwa? Jopo halikujibu, wala halikuigusa hoja ya -vu na -zi, ambayo ndiyo kiini cha pendekezo.

Matumizi ni mepesi: mwibuzi, waibuzi, mkataba wa uibuzi, ruzuku ya uibuzi. Tangazo lingesomeka hivi: "Nafasi mbili za uibuzi, maradhi ya kuambukiza, miaka miwili, Moshi."